Sura ya 6: Shoferi, Umepima?

Kwa Kinyarwanda gari la wagonjwa linaitwa imbangukiragutabara. Ukilipasua neno hilo unapata maana ya kitu kinachoharakia kuokoa. Ni jina zuri kuliko "ambulensi" yetu ya kuazima, maana linataja kazi. Ila halimtaji mwenye kazi. Gari haliharakii lenyewe. Kuna mtu kashika usukani, na mtu huyo naye ana mwili unaochoka, unaosinzia na unaoona njaa. Na siku hizi, miongoni mwa wanaoshika usukani huo au wanaotaka kuushika, wapo wanaoishi kwa sindano ya insulini.

Je, waachiwe waendeshe? Wengi hujibu kabla swali halijaisha: "Akizirai na mgonjwa yumo ndani?" Hofu hiyo ina msingi, na sura hii haitaipuuza. Lakini jibu la mkato la "hapana" limeshajaribiwa kwingine kwa miaka mingi, na wenyewe walioliweka wakaliondoa. Tutafika huko. Kwanza tusimame mahali pamoja, tuone kazi yenyewe ilivyo.

Asubuhi moja Rubavu

Cyanzarwe ni moja ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Iko upande wa mpaka wa Kongo, katika nchi ya volkano, penye udongo mweusi unaozaa viazi mviringo, karoti na vitunguu. Ukishuka kutoka huko unafika Gisenyi, mji wa ukingoni mwa Ziwa Kivu uliogusana na Goma. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya mpaka zamani sana, kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017.

Mgonjwa wa Cyanzarwe huanzia kituo cha afya. Hali ikimzidi muuguzi, simu hupigwa na gari hupanda kuja kumchukua kumpeleka hospitali ya wilaya, Gisenyi. Ikishindikana hapo, safari ni ya Kigali, kilomita zaidi ya 150 za kona na milima. Rwanda ina huduma ya taifa ya dharura, SAMU, iliyoanzishwa mwaka 2007, na namba yake ya simu ni 912. Nyuma ya tarakimu hizo tatu kuna watu wanaokaa zamu wakisubiri simu.

Sasa tumbuni dereva mmoja wa zamu hiyo. Hana jina, kwa sababu hayupo. Lakini wa aina yake wapo. Ana miaka 35 na kisukari aliugua utotoni. Anachoma insulini mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, ile ya mchanganyiko iliyozoeleka katika hospitali za ukanda wetu: sehemu 30 kwa mia ni ya kufanya kazi upesi, sehemu 70 ni ya polepole.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi amechoma, akanywa uji, akala viazi. Insulini ile ya upesi inafikia kilele baada ya saa mbili hadi nne. Ile ya polepole nayo inaanza kupanda nguvu baada ya saa nne hivi. Kwa hiyo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, dawa zote mbili zinamfanyia kazi kwa pamoja, nazo zinadai chakula. Dawa ya namna hii haijui kungoja. Ukishaichoma asubuhi, umeahidi kula mchana. Nayo itakuja kudai ahadi yake, chakula kiwepo kisiwepo.

Saa sita kasorobo sufuria la maharage linaepuliwa. Simu inalia. Kuna mama Cyanzarwe, uchungu umekwama tangu alfajiri. Dereva anaacha sahani, anawasha king'ora, anapanda mlima. Huko anasaidia kubeba machela. Misuli yake nayo inakula sukari. Saa saba na robo anateremka kurudi Gisenyi. Muuguzi yuko nyuma na mama, macho yake kwenye dripu. Mbele, dereva yuko peke yake.

Jasho linamtoka shingoni, na upepo wa Rubavu ni wa baridi. Vidole vinatetemeka kidogo juu ya usukani. Anajiambia ni haraka ya kazi. Pikipiki inakatiza mbele yake, anafunga breki nusu sekunde baadaye kuliko kawaida. Muuguzi anaita kutoka nyuma, "Shoferi, polepole hapo!" Anasikia sauti, lakini maneno yanachelewa kuingia. Mtu wa kando ya barabara akimwona sasa angesema huyu kalewa. Ubongo hauna ghala la sukari. Unaishi kwa ile inayopita kwenye damu, na ikipungua, kinachopotea kwanza si fahamu. Ni hukumu: ule uwezo wa kupima mwendo na umbali, na wa kutambua kwamba mimi mwenyewe siko sawa.

Hapo ndipo penye hatari ya kweli ya kazi hii. Sukari iliyopanda hudhuru macho, figo na miguu kwa miaka. Sukari iliyoshuka humnyang'anya dereva akili kwa dakika.

Dakika 45 ambazo hazipo

Kanuni ya sukari kushuka njiani inajulikana. Simamisha gari mahali salama. Zima injini, utoke kwenye kiti cha dereva. Meza gramu 15 hivi za sukari ya haraka: vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya fanta (Rwanda soda yoyote ni fanta). Ngoja dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikisharudi, kula kitu cha kushika tumbo. Uingereza, ambako kanuni hizi zimeandikwa kinagaubaga kwa madereva, inaongeza sharti moja: usiguse usukani mpaka zipite dakika 45 tangu sukari irudi sawa, kwa sababu ubongo huchelewa kupona hata mashine ikisema damu imepona.

Kwa mwenye gari lake binafsi, huo ni ushauri mzuri. Kwa dereva wetu, aliye katikati ya mteremko na mama nyuma yake, dakika 45 hazipo. Hawezi kumwambia mtoto asubiri kuzaliwa. Mazingira yenyewe yanamshawishi aendelee: hospitali ni pale chini, karibu kufika, nitakunywa fanta nikifika.

Kwa hiyo usalama wa gari la dharura hauwezi kutafutwa njiani. Utapatikana kabla ufunguo haujazungushwa, au hautapatikana. Tone la damu, kibanzi cha kipimo, sekunde tano. Uingereza wana msemo wao kwamba gari huendeshwa kuanzia 5, kwa kipimo chao cha milimoli. Kwa mashine zinazosoma miligramu, hiyo ni 90. Chini ya hapo, kula kwanza. Chini ya 4, yaani 72, usiendeshe kabisa. Kisha pima tena kila baada ya saa mbili za safari.

Angalia kanuni hiyo ya saa mbili kwenye barabara ya Kigali. Ukitoka Gisenyi, unapita Musanze baada ya saa moja na ushei. Mbele yake kuna milima ya Gakenke na kona za Buranga, ambako lori moja likisimama msururu mzima unasimama. Dereva anayesema "nitapima saa mbili zikitimia" atatimiziwa saa hizo katikati ya kona. Mwenye busara anapima Musanze, dakika moja, kabla ya milima. Kanuni imeandikwa Uingereza. Mwenye kujua pa kuitekelezea ni shoferi wa Rubavu.

Walioanza kwa kukataza

Kabla ya insulini swali hili halikuwepo. Dawa ilipatikana Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana aitwaye Leonard Thompson akawa mtu wa kwanza kutibiwa nayo. Watoto waliokuwa wakifa walianza kuishi, kukua na kutaka kazi. Serikali zikajikuta na raia wa aina mpya: mwenye nguvu, mwenye akili timamu, ambaye dawa inayomfufua inaweza pia kumwangusha.

Jibu la kwanza likawa kufunga mlango. Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtumia insulini hakuruhusiwa kuendesha malori ya biashara yanayovuka majimbo. Uingereza nayo mwaka 1991 ilizuia leseni mpya za malori na mabasi kwa watu hao.

Aliyesaidia kuutikisa mlango Marekani ni mtu wa Texas, Jeff Kapche. Mwaka 1994 aliomba kazi ya polisi katika jiji la San Antonio akakataliwa, kwa hoja kwamba mtumia insulini hawezi kuendesha gari la polisi kwa usalama. Hoja ilikuwa na mizizi mahakamani: mwaka 1993, katika kesi ya madereva wa jiji la Dallas, mahakama ya rufaa ya eneo hilo ilikuwa imesema kwamba dereva wa namna hiyo ni hatari kisheria, bila haja ya kumwangalia yeye mwenyewe. Kapche alikata rufaa. Mwaka 1999 mahakama ileile ilikiri kwamba vipimo na dawa vimebadilika na swali liulizwe upya. Mwaka 2002 ikasisitiza kwamba kila mtu apimwe kwa hali yake. Wakati huo Kapche alikuwa akifanya kazi ya ulinzi wa sheria katika kaunti nyingine ya Texas.

Hakuishia hapo. Aliomba kazi ya upelelezi FBI, ikamkataa. Sababu haikuwa tena kisukari chenyewe. Ilikuwa kwamba anatumia sindano badala ya pampu ya insulini. Mwaka 2009 jopo la raia mahakamani lilimpa haki na fidia ya dola 100,000.

Natamani kila mkuu wa hospitali wa ukanda wetu aisome kesi hiyo ya pili. Huku pampu ni kitu cha picha, sindano ndiyo kila kitu. Tungeifuata hoja ya FBI, tusingekuwa na dereva hata mmoja wa kuzungumza naye. Jopo lile liliangalia vipimo vya mtu na rekodi yake, likaacha kuangalia chombo anachotumia.

Uingereza iliufungua mlango Novemba 2011, kwa masharti: asiwe ameanguka kwa sukari hata mara moja mwaka uliopita kiasi cha kuhitaji kusaidiwa na mtu mwingine, awe anazihisi dalili, apime kwa mashine yenye kumbukumbu, na kila mwaka akaguliwe na daktari bingwa asiye wake. Marekani ilifuata Novemba 2018: daktari anayemtibu athibitishe, kwa vipimo vya miezi mitatu vilivyohifadhiwa kwenye mashine, kwamba sukari yake imetulia. Hata marubani wa ndege za biashara walianza kuruhusiwa, Uingereza mwaka 2012 na Marekani mwaka 2019.

Nchi hizo hazikulegea. Ziligundua kwamba marufuku ya jumla ina tundu: inamkamata mkweli tu. Anayesema ana kisukari anafukuzwa. Anayeficha anabaki na usukani, na kwa kuwa anaficha, hapimi mbele ya watu, habebi sukari mfukoni, hasemi "leo siko sawa". Marufuku inawaondoa wanaojichunga na kuwaacha wanaojificha.

Tunachokosa hakiko mahakamani

Ukanda wetu unafikiwa na swali hili sasa kwa sababu ya habari njema. Chama cha kisukari cha Rwanda kilianzishwa mwaka 1997, miaka mitatu tu baada ya mauaji ya kimbari. Mpango wa kimataifa wa Life for a Child ukasaidia watoto kupata insulini na vipimo. Kliniki za magonjwa yasiyoambukiza zinazoendeshwa na wauguzi zikafika hospitali za wilaya, na kutokana na kazi ya aina hiyo ukazaliwa mkakati wa PEN-Plus, ambao mawaziri wa afya wa Afrika waliupitisha Lomé mwaka 2022. Watoto ambao zamani wangezikwa sasa ni watu wazima. Wana leseni. Wanatafuta kazi, na baadhi yao wanataka kazi ya kuokoa wengine, kwa sababu wanakumbuka nani aliwaokoa.

Tofauti kati yao na dereva wa Manchester iko mezani, si mwilini. Yule ana kalamu ya insulini ya kisasa, anaichoma wakati sahani iko mbele yake. Simu ikilia kabla hajachoma, anaondoka bila deni. Wetu ana mchanganyiko wa asubuhi unaomfunga kwa saa ya chakula. Yule hahesabu vibanzi vya kupimia. Wetu anaweza kupewa vichache kwa mwezi, na kanuni ya kupima kabla ya kila safari inaweza kuvimaliza kwa siku chache za zamu nzito. Mtu huyo akisema anafuata kanuni zote, ama ananunua kwa mshahara wake au anakudanganya.

Hifadhi ya dawa nayo ilikuwa ikitajwa kama kikwazo, kwamba bila friji insulini haifai. Hapo tuna habari ya kwetu wenyewe: utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021 kwa kutumia joto halisi la kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Rubavu, penye baridi ya mlima, kuna joto kidogo kuliko hilo. Adui wa chupa ya dereva ni dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, na barafu ya kisanduku cha chanjo inayoigandisha. Mfuko wa shati chini ya koti unatosha kwa siku moja.

Kisha kuna siku ambazo ratiba zote hufa. Rubavu inazijua. Mei 22, 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka gizani, na matetemeko ya siku zilizofuata yakapasua majengo ya Gisenyi. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mto Sebeya ulifurika, na mafuriko na maporomoko ya magharibi na kaskazini mwa Rwanda yakaua watu zaidi ya 130. Januari 2025, vita vilipofika Goma, makombora yaliangukia Rubavu na kuua. Siku kama hizo dereva hali kwa saa, halali, na hofu inamwaga ndani yake homoni zinazopandisha sukari juu. Hatari ikipita na mwili ukitulia, sukari inaweza kuporomoka.

Wapo watakaosema: kwa sababu ya siku hizo, tusimwajiri. Mimi nasema siku hizo hufichua kitu kinachowahusu madereva wote. Mtu mzima wa afya aliyeendesha saa 16 bila kula wala kulala ni hatari barabarani, na yeye hana mashine ya kumwambia. Mwenye kisukari anayo. Ndiye dereva pekee katika kituo ambaye hali yake ya kuendesha inaweza kusomwa kwa tarakimu.

Kituo kinachojua

Kituo kinachotaka kumtumia dereva wa namna hii, na kumtumia kwa haki, hakihitaji mitambo ya ajabu. Mashine ya sukari tayari ipo kwenye gari la wagonjwa, kwa ajili ya wagonjwa. Ikubalike kwa maandishi kwamba ni ya dereva pia, na vibanzi vyake viingie kwenye bajeti ya gari kama mafuta na matairi. Anapoingia zamu apime, namba iandikwe kwenye daftari la safari. Simu ikija apime tena. Awepo dereva wa pili wa kuitwa, na asiulizwe maswali anapochukua ufunguo. Sukari ya kunywa na chakula cha kufunga vikae upande wa mlango wa dereva, mahali mkono unapofika bila macho. Daktari wake aangalie kama mchanganyiko wa asubuhi unaweza kubadilishwa kwa mpango usiomfunga kwa saa ya chakula. Na mtu ambaye amefikia hatua ya kutozihisi dalili, ambaye mwili wake umeacha kutoa jasho na kutetemeka sukari inaposhuka, huyo apumzishwe usukani mpaka uwezo huo urudi. Hapo "hapana" ni jibu sahihi, na ni la mtu mmoja kwa sababu inayojulikana.

Kubwa kuliko hayo ni ulimi wa wenzake. Rudi kwenye mteremko ule wa Cyanzarwe. Muuguzi alimwona dereva akiacha sahani. Angejua, na kama ingekuwa desturi ya kituo, angeuliza swali moja kabla hajafunga mlango wa nyuma: "Shoferi, umepima?" Naye angejibu bila aibu, "Iko 84, muganga. Ngoja ninywe fanta, mwite mwenzangu aendeshe." Mama angefika Gisenyi vilevile, na dereva wetu angekaa kiti cha abiria akila kiazi chake cha mchana.

Basi wewe uliye mkuu wa kituo, ukiletewa barua ya maombi yenye neno kisukari, usiifunge hapo. Omba vipimo vyake vya miezi mitatu, uvisome. Wewe uliye mwenzake zamuni, uliza kila siku, mpaka swali lizoeleke kama salamu. Na wewe shoferi uliyeficha ugonjwa wako kwa kuogopa kupoteza kazi, mwambie mtu mmoja leo kabla ya zamu ya kesho: ukiwa unatetemeka mteremkoni, huyo ndiye pekee atakayejua kwamba hukulewa.